Unga wa Matanga Haurudi Nyumbani

Jumamosi ya tarehe 29 Aprili 1972, mchana, Mulamba alikuwa Yesu, na alikuwa anagombezwa na mke wake.

"Si hivyo," Pascasie alimwambia mbele ya kikundi kizima cha maigizo. "Unauliza kama mutu aliyepoteza jembe. Mumemulaza wapi, mumemulaza wapi, haraka-haraka, halafu unapita. Rafiki yako amekufa, Mulamba. Uliza kama mutu anayetaka kujibiwa."

"Nimeuliza."

"Hujauliza. Umesema tu."

Kabwe, aliyekuwa amelazwa chini ya mabenchi ya kanisa, amefungwa shuka toka miguuni mpaka kidevuni, alipaza sauti kutoka kaburini mwake. "Mama Mwalimu, muache apite. Huku chini sisimizi wameanza kazi, na siku zangu nne hazijatimia."

Pascasie alicheka mpaka akashika ukuta. Mulamba alikuja kukikumbuka kicheko kile kuliko neno lolote, maana jua la siku ile lilipozama hapo Rumonge, mji wa Waburundi kando ya ziwa, mambo yaliharibika na hayakurudi tena kuwa yalivyokuwa.

Kikundi chenyewe kilizaliwa siku ya Uhuru, miaka kumi nyuma. Kanisa la watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kivu, liliambiwa nalo lilete kitu cha kuwafurahisha wageni. Cirhuza, katekista, mtu mfupi mwenye sala ndefu, alichagua hadithi ya yule mfu aliyefufuliwa baada ya siku nne, kwa sababu ilihitaji nguo chache. Mulamba akapewa kuwa Bwana kwa sababu alikuwa na ndevu. Hakuna sababu nyingine. Alikuwa mkamuaji wa mawese, mikono yake myekundu mpaka viwiko, na shuleni alikaa mpaka alipojua kuandika jina lake, basi.

Siku ile wakubwa walikaa kwenye viti, kivulini. Watu walisimama juani. Mgonjwa akaugua, akafa, dada zake wawili wakalia. Ndipo honi ya gari ikapigwa: chakula kiko tayari kwingine. Wakubwa wakainuka wote, wakakung'uta suruali, wakaenda. Mfu alifufuka mbele ya viti vitupu.

Baadaye Mulamba alipenda kusema: "Nchi hii walipewa watu walioona nusu ya mchezo. Kufa walikuona. Kufufuka hawakungoja kukuona." Na watu waliangalia nyuma yao kwanza, ndipo wakacheka.

Pascasie alikuja kwenye kikundi mwaka uliofuata. Alikuwa mwalimu, mtoto wa Bugarama, na alikuja kumwambia Cirhuza neno moja tu: kwamba wale dada wawili wa marehemu wanalia kama wanaume waliobanwa vidole na mlango. Na kweli walikuwa wanaume. Cirhuza akamwambia, basi lia wewe. Akalia. Toka siku ile alikuwa dada mkubwa wa mfu, na kabla mwaka haujaisha akawa mke wa Bwana, jambo lililowapa watu wa Rumonge maneno ya kucheka sokoni kwa muda mrefu. Mulamba hakuweza kusoma sehemu yake, hivyo mke wake alimsomesha kwa mdomo, yeye akichochea moto chini ya pipa la chikichi, mwanamke amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anasema, mwanamume anarudia.

Mwaka huo wa 1972 kulikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Shule za upande wa Kigoma, nchi ya watu, zilikuwa zimewaalika. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama mbele ya watoto wa nchi nyingine akaigiza. Wangevuka wakati wa kiangazi. Sabine, mdogo wake Pascasie, aliyekuwa anaigiza dada mdogo, alikwisha kushona kanzu mpya ya Bwana, nyeupe, na alikuwa amemwapisha shemeji yake asiiguse kwa mikono ya mawese.

Jioni ile ya Jumamosi walikuja watu wenye mapanga kutoka upande wa kusini. Waliua majirani, watu waliosalimiwa amahoro asubuhi ile ile, na watoto wao. Halafu walikuja wenye bunduki na malori, wakasema wamekuja kuwatafuta wale wenye mapanga, na hao ndio waliokaa. Mulamba hakuwahi kuwapanga, nani wa kwanza, nani wa pili. Alisema wote walikuwa na wakubwa wao, na wakubwa wote walikula siku ile.

Waalimu waliitwa komini, ofisi ya serikali ya hapo, kwenye kikao. Pascasie alichukua mwavuli wake. Mlangoni aligeuka.

"Maharagwe iko motoni. Usiache yashike."

Yaliungua. Mulamba alikaa anaangalia njia mpaka chungu kikatoa moshi mweusi, na lori lilipopita barabarani na turubai limefungwa, hakujua alipaswa kutazama.

Kesho yake alikwenda komini kuuliza. Nyuma ya meza alikaa karani mmoja, kijana aliyefundishwa kusoma na Pascasie mwenyewe, na kijana yule hakuinua macho.

"Hapa hakuna mufu," alisema. "Kama hakuna mufu, hakuna kilio. Mutu akilia, tutataka kujua anamulilia nani. Halafu atamufuata."

Basi Mulamba akarudi nyumbani na machozi yake ameyafungia ndani, kama mtu anayebeba maji kinywani na haruhusiwi kumeza wala kutema.

Walikimbia kwa mtumbwi, wanne: Cirhuza, Kabwe, Sabine na yeye. Cirhuza alibeba chumvi. Sabine alibeba kanzu ya Bwana. Kabwe, ambaye nyumba yake ilikuwa na sufuria mbili nzuri za Ulaya, aliziacha zote akabeba shuka lake la kufia.

"Wewe una akili?" Cirhuza alimuuliza katikati ya maji. "Watu wanakimbia kifo, wewe unakuja na sanda?"

"Mukubwa wangu, sufuria nitaazima. Sanda, nani atakubali kuniazima?"

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Walicheka baadaye, walipokwisha kulala pakavu.

Huko Kigoma kanisa liliwapa chumba cha kuwekea mabenchi. Na hapo ndipo Mulamba alipoanza kuomba jambo moja, na hilo moja likawa ndilo maisha yake yote: aliomba matanga.

Ziwa lile lina ng'ambo mbili lakini desturi ni moja. Mtu akifa, kilio kinapigwa. Kilio kikisikika hakuna anayebaki kwake. Jirani anakuja na kuni, na maji, na unga, anakaa chini. Jina la marehemu linasemwa, mabaya yake yanasamehewa, mazuri yake yanazidishwa kidogo. Mwishoni majivu yanafagiliwa na mjane ananyolewa. Mpaka hapo, mwanamume aliyefiwa si mtu wa watu. Haingii nyumba ya mwenye mtoto mchanga, na sahani yake inawekwa peke yake. Nywele za Mulamba zilikuwa zimeota mpaka zikafunika masikio. Watu walimkwepa njiani bila kusema kwa nini, naye alijua kwa nini.

"Bila mwili," Cirhuza alisema, "lazima ndugu wa marehemu akubali. Wewe ni mume tu. Damu yake hapa ni Sabine."

Na Sabine alikataa.

"Shemeji, ukimukalia matanga, wewe ndjo unamuua. Dada yangu alikwenda kwenye kikao. Kikao kikiisha, atakuja."

"Kikao gani hicho, Sabine? Mvua imeisha, kiangazi kimefika."

"Wakubwa wanapenda kusema," Sabine alijibu, na akageukia ukuta.

Cirhuza hakuwa mtu wa kuacha kidonda kitazamwe sana. Siku moja alivaa shati lake la pekee akaenda kwenye shule zile zilizowaalika. Akarudi anatembea kama mtu aliyeongezwa urefu. "Tuliahidi. Wanatungoja. Tutaigiza."

"Nani atakuwa dada mukubwa?" Kabwe aliuliza.

Sabine akasema polepole, "Maneno yake nayajua. Nitamushikia nafasi mpaka arudi." Dada mdogo wakamwondoa kwenye hadithi, maana hawakuwa na mtu.

Shule ya kwanza ilikuwa juu ya kilima, watoto wamevaa sare safi, mwalimu mkuu amevaa miwani. Tangu Cirhuza alipofungua kinywa, watoto walianza kupigana viwiko. Kiswahili cha Rumonge kiliwachekesha kama mbuzi aliyevaa viatu. Lakini kucheka si kubaya, anayecheka anasikiliza. Kabwe aliugua vizuri, akafa vizuri zaidi, akabebwa mpaka kwenye kaburi la madawati lililofunikwa mikeka. Sabine alilia kidogo, sauti kavu, kama mtu anayeita kuku wa jirani. Mulamba akaja, kanzu nyeupe, nywele kama kichaka. Akafika mahali pa kuuliza.

Maneno hayakutoka.

Alisimama. Aliyaona kinywani mwake, yamekaa pale na sauti ya mke wake juu yake: uliza kama mutu anayetaka kujibiwa. Na yeye alikuwa anataka kujibiwa kiasi kwamba hakuweza kuuliza. Watoto wakaanza kunong'ona. Ndipo kutoka kaburini ikasikika sauti:

"Uliza, bwana. Mimi huku naoza."

Shule nzima ilianguka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alivua miwani akafuta macho. Mchezo ulikwisha hapo, mfu akaamka bila kuitwa, na walipewa chai, lakini walijua walichofanya.

"Swali lile tunalitoa," Cirhuza aliamua njiani. "Bwana anafika, anakwenda moja kwa moja kaburini, anamwita. Bwana anajua yote, ya kuuliza ni nini?"

"Kama anajua yote," Mulamba alisema, "basi yeye mwenyewe ni mukubwa, na sitaki kumuigiza." Lakini alikubali.

Shule ya pili ilikwenda bila kosa. Makofi yalipigwa. Na wote wanne walitembea kurudi wakiwa na huzuni ya mpishi aliyesahau chumvi na wageni wakala kwa adabu.

Shule ya tatu ilikuwa Ujiji, uwanja wake umeshikana na nyumba za watu hata moshi wa jikoni uliingia darasani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Swedi, mtu mnene na mkarimu, aliwapanga watoto chini ya jua la saa nne, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Walikuwako pia watu wazima wachache, wakimbizi waliosikia kuna mchezo wa watu wa kwao, wamesimama pembeni na nguo zile zile walizovukia ziwa.

Kabwe aliugua. Kabwe alikufa. Sabine alitoa sauti yake ya kuita kuku. Mulamba akaja, apite moja kwa moja kwenda kaburini kama walivyopatana.

Hakupita. Alisimama mbele ya shemeji yake. Alimwona amekaza taya, amekaza mikono, mtu mzima aliyejifunga kamba ndani ili asimwagike, na alimwona kuwa anafanana sana na dada yake pale kati ya jicho na jicho. Akauliza polepole. Akauliza kama alivyofundishwa.

"Mumemulaza wapi?"

Sabine alipaswa kujibu: njoo, Bwana, ukaone. Midomo yake ilianza neno hilo. Likakataa. Macho yake yakazunguka uwanja mzima kama anayetafuta mtu wa kumsaidia.

"Sijui," alisema.

Watoto wa mbele wakageuza shingo kumtazama.

"Sijui, shemeji. Hawakutuambia. Alikwenda na mwavuli." Sauti yake ikapanda. "Alikwenda na mwavuli, na hawakurudisha hata mwavuli! Yooo, Pascasie! Yooo, dada yangu, mutoto wa mama yangu, wamekulaza wapi?"

Akaanguka magotini, na kile kilio kikatoka. Hakikuwa cha mchezo. Kilipita juu ya vichwa vya watoto, kikapita ukuta wa shule, kikaingia uani kwa watu, kikawakuta wanawake wanapepeta mchele na wanaume wanashona nyavu. Na hakuna mtu wa ziwa lile asiyekijua kilio anapokisikia.

Wakimbizi waliokuwa pembeni walishika vichwa. Mwanamke mmoja akaita jina la mume wake. Mzee akaita majina ya wanawe. Walikuwa hawajawahi kuyaita kwa sauti toka walipokimbia.

Haukupita muda, lango la shule likafunguka na wakaanza kuingia. Mbele alikuwa Bi Mwanvua, bibi wa mtaa ule, mwenye kanga mbili na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake walikuja wengine: kapu la unga, ndoo ya maji, mkeka, kuni, unga tena. Wanaume walikuja wamevua kofia.

Mwalimu Swedi alikimbia kuwazuia, mikono juu. "Jamani, jamani! Rudini! Huu ni mchezo! Ni michezo ya Wakristo hii, wanaigiza tu!"

Bi Mwanvua hakupunguza hata mwendo. "Mwalimu, mimi nimezika mume na watoto. Unanifundisha kilio mimi?"

"Lakini bibi, ni mchezo!"

"Mwambie aache basi, kama ni mchezo."

Mwalimu Swedi alimtazama Sabine. Akashusha mikono.

Bi Mwanvua alitua kuni, akaketi chini karibu na Sabine, akamvuta kichwa akakilaza pajani pake bila kumuuliza jina wala dini. Wanaume wakatandika mikeka. Mtu akawasha moto. Watoto wa shule, mamia yao, walikaa kimya kuliko walivyowahi kukaa kwa fimbo. Na Mulamba, akiwa amesimama katikati na kanzu ya Bwana, alihisi maji yale aliyoyabeba kinywani toka Rumonge yanatoka yenyewe, yanashuka kwenye ndevu, na hakuna karani wa kumwuliza anamlilia nani.

Shida ilikuwa moja. Chini ya mikeka na madawati, Kabwe alikuwa bado amekufa.

"Maiti iko wapi?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mbona haijaoshwa?"

"Nimeona miguu yake mle ndani," mwingine alisema. "Leteni maji."

"Mwanamume aoshwe na wanaume. Mwiteni fundi wa kuosha."

Sanda ikatingishika. "Mulamba," kaburi lilinong'ona, "Mulamba, ndugu yangu, fanya haraka. Watu hawa wana ndoo."

Cirhuza alimfikia Mulamba, jasho linamtiririka. "Tuwaambie ukweli. Tumuondoe Kabwe kwa nyuma. Ukimfufua sasa, watu waliokuja na unga wao kwa moyo safi, watasema tumewachezea. Watatupiga kwa kuni zao."

Mulamba aliwaza. Alikumbuka viti vitupu vya siku ya Uhuru. Alikumbuka mke wake alivyokasirika kila mara aliposimuliwa habari ile: watu waliona kufa, wakaenda kula! Angesema nini sasa, akiona mume wake naye anafunga mchezo nusu?

"Hakuna anayetoka hapa na nusu," alisema.

Akaenda kaburini. Alivuta pumzi ya mkamuaji, ile inayotoka tumboni mtu anaposukuma mti wa kinu, akaita. Hakumwita yule wa kwenye hadithi. Kwa kumwangalia tu usoni ungejua anaita nani. Lakini sauti ilisema, "Toka!"

Mikeka ikaanguka. Dawati likapinduka. Kabwe akatoka anarukaruka, miguu imefungwa, mikono imefungwa, macho yametoka kwa hofu ya ndoo.

Waombolezaji walitawanyika. Ndoo ilimwagika, kuni ziliruka, wanaume waliovua kofia walizisahau kofia. Mwalimu Swedi mwenyewe, aliyejua vizuri kuwa ni mchezo, alionekana juu ya ukuta wa shule, na mpaka leo hajaeleza alipandaje. Aliyebaki ni Bi Mwanvua peke yake, kwa sababu kichwa cha Sabine kilikuwa pajani pake na mtu haachi kichwa cha mfiwa. Kabwe aliruka mara ya mwisho akaanguka mbele yake. Bibi alinyosha mkono, akashika kisigino chake, akakibonyeza kama anayechagua embe.

"Cha moto," alisema.

Halafu akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele.

Na watoto! Watoto ndio waliopasuka kwanza. Walisimama juu ya kila kitu kinachosimamiwa, wakapiga makofi, wakapiga miguu, vumbi likapanda. Watu walirudi kutoka langoni wakicheka na kulia pamoja, wakamgusa Kabwe mmoja mmoja, naye akageuka huku na huku kama bwana harusi. Wakimbizi walikuwa wanalia bado, lakini sasa walilia wima.

Joto lilipopungua, Cirhuza alisimama mbele ya Bi Mwanvua, mikono nyuma kama mwanafunzi mkosefu. "Bibi, mutusamehe. Unga wenu, kuni zenu, tutawasaidia kuzibeba kurudisha."

Bibi alimtazama kama anayetazama mtoto aliyekojoa mkekani. "Unga wa matanga unarudi nyumbani siku hizi? Ukoo wako unafanya hivyo? Unga uliotoka kwa ajili ya msiba ukirudi, unarudi na msiba. Utapikwa hapa." Akainua sauti. "Mfu wenu ameamka, tumeona, Mungu mkubwa. Lakini huyu mama hakumlilia huyu mrukaji. Nani amefiwa hapa?"

Mulamba aliinua mkono, kidole juu, kama alivyokuwa akiinua zamani katika ile shule yake fupi. "Mimi, bibi. Mke wangu. Lakini ndugu yake hajakubali."

Wote walimtazama Sabine. Sabine alikaa wima, akajifuta uso kwa upindo wa kitambaa chake.

"Na mimi," alisema. "Nimefiwa na dada yangu. Anaitwa Pascasie. Alikuwa mwalimu."

Watu wakasema, poleni. Walisema wote kwa pamoja, uwanja mzima, na watoto, na Mwalimu Swedi aliyekuwa amekwisha kushuka ukutani. Neno lile dogo, ambalo Mulamba alilingoja toka mvua za masika, lilimwangukia mabegani kama blanketi.

Matanga yalikaliwa pale pale, kwenye uwanja wa shule, na watoto walisoma darasani moshi wa msiba ukiwaingia madirishani. Majina mengi yalisemwa. Kabwe alisimulia jinsi Pascasie alivyowafukuza wanaume kwenye kazi ya kulia, akazidisha kidogo, kama inavyopaswa. Siku majivu yalipofagiliwa, Bi Mwanvua alimwita mwanawe aliyekuwa kinyozi, na kichwa cha Mulamba kikatoka chini ya kile kichaka kinang'aa kama chikichi iliyochemshwa. Jioni hiyo aliwekewa sahani pamoja na watu. Alikula. Sabine alimpakulia maharagwe, na hayakuwa yameungua.

Toka hapo shule ziliwaita zenyewe. Habari ilitembea kando ya ziwa haraka kuliko mitumbwi: kuna Waburundi wana mfu anayeamka. Walikwenda shule za wamishonari na shule za serikali, shule za mjini na shule za kuezeka nyasi ambako madawati ni magogo. Swali halikutolewa tena. Mulamba aliuliza, Sabine alijibu "sijui", na pale kila mtu aliyekuwa na jina la kuita aliliita, kisha Kabwe akafufuka, na vigelegele vilisikika mpaka majini. Hakuna mchezo uliowahi kupendwa namna ile. Watoto waliwafuata mpaka nje ya mji wakiruka miguu imeshikana.

Mwezi wa Desemba waliigiza kwenye shule moja karibu na mahali wakimbizi walipopewa kujenga. Siku hiyo alikuwako mgeni. Alikuwa mkubwa wa serikali ya kwao, ng'ambo ile, amekuja kuwaambia watu mambo yametulia, warudi. Suti nzuri, kofia nzuri. Akapewa kiti kivulini. Watu walisimama juani.

Kabwe akafa. Mgeni akatazama saa yake. Sabine akaanza kulia, na dereva wa mgeni akapiga honi kidogo, kama ya adabu. Mgeni akainuka, akakung'uta suruali.

Mulamba alikuwa ameanza kuingia. Aliona kiti kinaachwa. Akageuza njia, kanzu nyeupe ikifagia vumbi, kichwa kimenyolewa, akaja akasimama mbele yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja na kazi moja na muda wa kutosha.

"Bado, Mheshimiwa," alisema. "Mara ile muliondoka kabla ya mwisho. Kaa. Kuna mahali panawahusu ninyi."

Mgeni alitazama nyuma yake atafute njia. Watoto walikuwa wamesimama, shule nzima, na nyuma ya watoto walisimama wakimbizi, wamejaa mpaka kwenye gari. Hakuna aliyeinua mkono. Hakuna aliyesogea. Mgeni akakaa, akaweka kofia magotini, akaanza kuizungusha.

Mulamba alimngoja mpaka kofia ikasimama. Ndipo alipouliza, polepole, bila haraka ya mtu aliyepoteza jembe, naye Sabine akauliza pamoja naye, na Kabwe kutoka kaburini, na uwanja wote:

"Mumemulaza wapi?"